Kabla ya kuleta tairi, waulizwe wakubwa

Kelele hizo zinajulikana katika kila kartiye ya Goma. Ni jioni, giza limeanza kushuka, umeme haujarudi, na mama mmoja anayetoka sokoni anapiga yowe: "Mwizi!" Simu yake imekwenda. Kijana mwembamba anakimbia juu ya mawe ya volkeno, kiatu kimoja kimemtoka, na nyuma yake wanakimbia watu kumi, kisha thelathini, kisha avenyu nzima. Akikamatwa, hakuna anayemuuliza jina. Wa kwanza anapiga kofi, wa pili anaokota jiwe. Halafu mtu mmoja, mara nyingi yule aliyefika wa mwisho na ambaye hakuibiwa kitu chochote, anasema: "Leteni petroli."

Mara nyingine polisi wanafika mapema na kijana anaponea hapo. Mara nyingine hawafiki. Asubuhi inabaki alama nyeusi barabarani, na watoto wanaokwenda masomo wanaizunguka bila kuongea. Familia ikija kumtafuta, inasikika kwamba aliyechomwa alikuwa na miaka 15, au 14. Na baada ya siku tatu, simu nyingine inaibwa kwenye avenyu ileile.

Hilo la mwisho ndilo watu wa Goma wanapaswa kulifikiria kwa makini. Kama tairi lingekuwa dawa ya wizi, mji huu ungekuwa umepona zamani. Haujapona. Sababu si ngumu kuiona: anayechomwa ni mtu wa mwisho katika mlolongo mrefu, na wote waliomtangulia wanabaki nyumbani kwao wakila bugali. Yuko mkubwa aliyemfukuza nyumbani. Yuko mkubwa aliyemuuzia pombe. Yuko mkubwa aliyekuwa akimngojea ili ainunue ile simu. Mtoto anakufa peke yake kwa kazi iliyofanywa na watu wengi.

Kwanza, hasira ya mama aliyeibiwa si ya kudharauliwa. Wanaoandika na kuongea juu ya haki za watoto wanakosea wanapomsahau. Simu siyo kitu cha starehe kwa mama anayeuza nyanya au sambaza. Ndani ya simu hiyo kuna feza yake ya kesho, kwa sababu siku hizi mtaji unalala kwenye M-Pesa na Airtel Money kuliko kwenye kitambaa kiunoni. Ndani yake kuna namba ya mteja anayemkopesha, na namba ya ndugu aliyebaki Masisi. Akiibiwa simu, anaweza kukosa mtaji wa wiki nzima, na watoto wake wakalala bila kula. Kumwambia mama huyo "sameheni, ni mtoto tu" ni kumtukana mara ya pili.

Lakini mama huyo aulizwe pia swali moja: tairi limemrudishia nini? Simu tayari ilikuwa imepita mkono wa pili kabla mwizi hajakamatwa, au imepasuka chini ya miguu ya watu. Anarudi nyumbani bila simu, bila mtaji, na akiwa na maiti ya mtoto wa mwenzake ndani ya macho yake. Hakupata haki. Alipata moshi.

Kuna maneno mengine yanayosikika sana tangu mwaka 2022, wakati vita ya Rutshuru, kisha ya Masisi, ilipoanza kusukuma familia kwa maelfu kuelekea Goma. Watu wanasema: "Wizi umeletwa na wahami." Maneno hayo yanasemwa kwenye moto, kwenye foleni ya maji, hata mbele ya kanisa baada ya misa. Ni maneno ya hatari, na tena si ya kweli. Jina la maibobo lilikuwepo Goma na Bukavu zamani kabla ya Kanyaruchinya kujaa, kabla ya Bulengo, Lushagala na Rusayo kuwa miji ya shitingi. Watoto wa barabarani walikuwepo baada ya Nyiragongo kuunguza katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na walikuwepo hata kabla ya hapo. Kila vita na kila balaa vimeongeza wengine, lakini wengi wa vijana wanaokamatwa usiku wanajulikana kwa majina na wazee wa avenyu, kwa sababu wamezaliwa hapohapo.

Ni kweli kwamba mtoto muhami yuko karibu zaidi na barabara kuliko mwingine. Baba yake alikuwa na shamba la viazi na maharagi, ng'ombe labda, na neno lake lilisikika nyumbani. Leo baba huyo ameketi mikono mitupu, akingojea msaada ambao mara unakuja, mara haukuji. Mama anaamka usiku kutafuta kuni na kurudi na hofu. Katika nyumba hiyo, mtoto wa miaka 12 anayeleta franka elfu mbili jioni ndiye anayekuwa mkubwa. Nani atamkemea? Hapo ndipo mlango wa kwanza unapofunguka, na unafunguka polepole, bila kelele.

Mlango huo wa kwanza ni chungu. Mtoto anaanza kwa kazi isiyo na aibu: kubeba bidoni za maji, kusukuma chukudu kwenye mlima, kuokota makaa yaliyoanguka, kubeba mizigo ya wanunuzi soko la Virunga. Siku moja analeta unga kilo moja. Siku nyingine analeta sufuria, na haisemwi imetoka wapi. Mama anaiona. Moyo wake unataka kuuliza, lakini wadogo watatu wamekaa wakimtazama, na moto umekwisha kuwashwa. Hapo kunyamaza ni rahisi kuliko kuuliza. Hakuna mtu mwenye kushiba anayepaswa kumhukumu mama huyo kwa haraka. Hata hivyo ni lazima isemwe: siku ile ya sufuria ndiyo siku ambayo mtoto alikuwa bado anarudishika kwa neno moja. "Hii umeitoa wapi? Twende wote tuirudishe." Ni neno gumu mbele ya njaa. Ni rahisi kuliko kwenda kumtambua mtoto kwa kipande cha shati.

Mlango wa pili ni masomo. Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ni ya bure, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kutekeleza ubure huo katika inchi nzima. Wazazi wengi walipumua. Lakini ubure haununui daftari, kalamu, viatu wala inifomu, na haufiki kwenye masomo ya sekondari ambako wazazi bado wanalipa. Tena darasa likiwa na watoto zaidi ya mia moja, mwalimu hajui nani amekuja na nani hakuja. Mtoto akikosa siku tatu, hakuna anayegonga mlango. Akikosa wiki mbili, jina lake linasahauliwa. Mtoto hafukuzwi masomo siku zote. Mara nyingi anamwagika tu, kama maji kwenye bidoni iliyotoboka.

Kati ya saa mbili za asubuhi na saa nane za mchana, mtoto huyo yuko wapi? Wezi wakubwa wanajua. Wao wanazo nafasi za kazi kila siku, hawaombi diploma, na wanalipa siku hiyohiyo.

Mlango wa tatu ndio unaosemwa kidogo kuliko yote, na labda ndio mkubwa kuliko yote: mnunuzi. Mtoto wa miaka 14 haibi simu ili apige simu. Anaiiba kwa sababu yuko mtu mzima, mwenye kibanda, mwenye meza, mwenye mke na watoto, anayempa dola kumi kwa simu ambayo bei yake ni themanini. Mtoto hang'oi nondo kwenye nyumba inayojengwa, hakati waya wa umeme, habebi betri ya gari la mtu ili alale navyo. Anavipeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma, na mnunuzi anapima kilo na kulipa bila kuuliza swali hata moja. Anajua. Haiwezekani asijue. Waya mpya wa umeme uliochomwa ganda lake jana usiku hauwezi kuwa takataka ya mtoto wa barabarani.

Sheria ya makosa ya jinai ya Congo haimwadhibu mwizi peke yake. Inamwadhibu pia mwenye kupokea mali iliyoibwa. Lakini ni nani amewahi kuona umati ukikimbia nyuma ya mnunuzi? Nani amewahi kusikia "Leteni petroli" mbele ya duka? Hapana, na isifanywe hivyo, kwa sababu hata yeye anayo haki ya kuhukumiwa na hakimu. Lakini tofauti hiyo iseme wazi mambo yalivyo: Goma inamwogopa mwenye feza na inamchoma mwenye njaa. Siku ambayo simu ya wizi itakosa mnunuzi kwenye kartiye tatu zinazofuatana, mtoto ataitupa mwenyewe.

Mlango wa nne ni pombe. Vifuko vya pombe kali, vile vinavyouzwa kwa franka chache kwenye kila kibanda, vimekuwa chakula cha asubuhi cha vijana wengi. Wengine wanavuta bangi, wengine gundi kwa watoto wadogo kabisa. Kijana anasema mwenyewe: bila kunywa, mikono inatetemeka, baada ya kunywa, hakuna mtu anayemwogopa. Anayemuuzia si jambazi. Ni jirani, mara nyingi ni mama au baba wa familia, anayetafuta faida ndogo ili naye alipe nyumba. Haitaji kusubiri mtu amsomee sheria ili ajue kwamba mtoto wa miaka 13 aliyekuja na franka mia tano saa moja asubuhi hapaswi kupewa kifuko.

Mlango wa tano ni silaha. Hapa historia ya inchi hii inajulikana kwa kila mtu. Kadogo waliingia Kinshasa mwaka 1997 pamoja na jeshi la AFDL, wengine hawajatoka hata ndevu, na watu wakawapigia makofi. Tangu hapo, makundi mengi yenye kubeba silaha katika Kivu na Ituri yamekuwa na watoto ndani yake. Mtoto aliyejifunza kwamba bunduki inafungua kila mlango hasahau somo hilo kwa sababu tu amerudi nyumbani. Siku hizi silaha zimetapakaa hata ndani ya mji, na bunduki moja inaweza kuazimwa kwa usiku mmoja, kama mtu anavyoazima chukudu.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule La Haye, ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika kundi lake huko Ituri katika miaka ya 2002 na 2003, na baadaye akapewa kifungo cha miaka 14. Hukumu ile ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo haikumwangukia kadogo. Ilimwangukia mkubwa aliyempa silaha. Sheria ya Congo nayo inafuata njia hiyo: inampa miaka 10 mpaka 20 ya kifungo mtu anayemwingiza mtoto katika jeshi, polisi au kundi la silaha. Basi kama dunia imekubali kwamba mtoto mwenye bunduki ametumwa na mkubwa, kwa nini avenyu isikubali kwamba hata mtoto mwenye simu ya wizi mara nyingi ametumwa?

Wapo watakaojibu: "Hayo ni maneno mazuri, lakini ukimpeleka polisi leo, kesho unakutana naye barabarani anakucheka." Jibu hilo lina uzito, na linastahili kujibiwa bila kuzungukazunguka. Kuna vijana wanaotoka kwa sababu mtu amelipa. Hiyo ni rushwa, na inaua imani ya raia kuliko wizi wenyewe. Lakini kuna vijana wanaotoka kwa sababu sheria inataka watoke, na wakaaji wengi hawajaelezwa tofauti.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inasema kwamba mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kama mhalifu. Kosa lake linatazamwa kama shida ya malezi, na waliodhurika wanaweza kuwageukia wazazi wake. Kuanzia miaka 14 mpaka kabla ya 18, anapelekwa mbele ya tribinali ya watoto, siyo mbele ya hakimu wa watu wazima. Hakimu wa watoto anaweza kumkemea na kumrudisha kwa wazazi kwa masharti. Anaweza kumkabidhi kwa familia nyingine yenye tabia njema, au kwa nyumba ya malezi inayotambuliwa. Anaweza kumtuma kwa matibabu. Anaweza kumweka katika nyumba ya Serikali ya ulinzi na elimu. Kwa makosa yasiyo mazito, sheria inafungua pia njia ya upatanisho: mtoto, wazazi wake na aliyeibiwa wanakutana, na kosa linatafutiwa malipo.

Ndilo jambo lile lile ambalo wazee walikuwa wakifanya vijijini. Mtoto aliyeiba mbuzi hakuchomwa. Baba yake alitoa mbuzi, mtoto akalima shamba la aliyeibiwa mpaka deni limekwisha, na kijiji kizima kikajua. Mama wa nyanya angefaidika zaidi na njia hiyo kuliko na tairi, kwa sababu njia hiyo inaweza kumrudishia simu, au bei ya simu, hata kidogokidogo.

Shida ni kwamba sheria imeandikwa vizuri na mikono ya kuitekeleza ni michache. Tribinali inangojewa kufanya kazi bila feza ya kutosha. Nyumba za Serikali za kulea watoto wenye makosa ni chache mno. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2025, mtoto aliishia katika gereza la Munzenze, ambalo lilijaa watu kupita kiasi, na hata alipowekwa upande wa watoto, alisikia masomo ya upande wa wakubwa. Aliingia akiwa mwizi wa simu, akatoka akijua majina ya wenye bunduki. Raia wana haki ya kukasirikia hali hiyo, lakini hasira yao ielekezwe kwa wenye kupanga bajeti, siyo kwenye mwili wa mtoto.

Wengine wanataka mkono wa chuma. Kinshasa waliujaribu. Novemba 2013, polisi walianzisha operesheni Likofi ili kuwamaliza kuluna. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka uliofuata kwamba vijana na watoto wasiopungua 51 waliuawa na wengine 33 walitoweka. Je, kuluna waliisha? Kila mkaaji wa Kinshasa anajua jibu. Machi 2024, Serikali ilitangaza kurudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, hata kwa ujambazi wa mjini wenye kuua. Lakini hata hapo, sheria ya 2009 inakataza kabisa hukumu ya kifo na kifungo cha maisha kwa kosa lililotendwa na mtoto. Yaani Serikali yenyewe, pamoja na majaji wake, haina ruhusa ya kufanya kile ambacho umati wa watu thelathini unakifanya kwa robo saa.

Kuna njia nyingine iliyojaribiwa: kuwapeleka kuluna Kanyama-Kasese, katika Haut-Lomami, kwenye kituo cha Service National, ambako wanajifunza kulima, kujenga na kutengeneza madawati ya shule. Kwa haki, wapo waliotoka huko wakiwa na ufundi mikononi. Lakini anayepelekwa mbali bila kupita mbele ya hakimu anaweza kuwa mtoto asiye na kosa aliyekamatwa njiani, na anayerudi na ufundi bila vyombo wala mtu wa kumpa kazi anarudi kwenye kona ileile. Somo la Kanyama-Kasese ni hili: kijana anayefundishwa kazi anabadilika. Basi kwa nini kusubiri mpaka aibe ndipo afundishwe?

Hapo ndipo kartiye inaweza kuanza yenyewe, bila kungoja ndege kutoka Kinshasa.

La kwanza, daftari la mnunuzi. Chifu wa kartiye, pamoja na chama cha wauza simu na wanunuzi wa vyuma, wanaweza kukubaliana juu ya mambo matatu: kila kitu kinachonunuliwa kiandikwe pamoja na jina, avenyu na namba ya simu ya aliyekileta, mtoto asinunuliwe kitu bila mzazi wake kuwepo, na mnunuzi atakayekutwa na mali ya wizi isiyo kwenye daftari amlipe mwenye mali na apelekwe polisi. Gharama yake ni daftari moja na kalamu. Wauzaji waaminifu, ambao ni wengi, watalipenda, kwa sababu linawatenga na wezi.

La pili, orodha ya mwalimu. Kila wiki, shule impe chifu wa nyumba kumi majina ya watoto waliokosa siku tatu. Nyumba kumi si nyingi. Mtu anaweza kuzizunguka kwa miguu Jumamosi asubuhi na kuuliza kwa upole: "Mama, mtoto anaendeleaje?" 

La tatu, fundi na mwanafunzi wake. Goma ina maseremala, washona nguo, wachomelea vyuma, watengenezaji wa moto, na wale wanaochonga chukudu ambazo mji umezisimamishia hata sanamu. Fundi akichukua vijana wawili, mmoja wa kartiye na mmoja muhami, na makanisa, misikiti na vyama vya akina mama vikasaidia chakula cha mchana, kijana anapata saa zake za mchana zimejaa. Wawili ni wachache, ndiyo. Lakini mafundi hamsini ni vijana mia moja, na vijana mia moja ni genge zima lisilozaliwa.

La nne, kifuko cha pombe. Avenyu inayokubaliana kwamba hakuna kibanda kitakachomuuzia mtoto, itafanikiwa kuliko katazo lililobandikwa ukutani, kwa sababu jirani anamwona jirani.

La tano, wazazi wasikilizane. Mwenyeji asimkataze mtoto wake kucheza na mtoto muhami. Anayekatazwa na wote anapokelewa na genge. Baba muhami naye asiache kiti chake kwa sababu amepoteza shamba. Mtoto hamheshimu baba kwa sababu ya ng'ombe peke yake. Anamheshimu anayemngojea jioni, anayejua rafiki zake kwa majina, na anayeuliza. Na neno "mchawi" lisitamkwe juu ya mtoto. Katiba, katika kipengele cha 41, inakataza kumtupa mtoto kwa kumsingizia uchawi, na hata hivyo wengine wanaolala barabarani walianzia hapo, siku ambayo ndugu waliamua kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani.

Mji huu unaweza kufanya jambo gumu unapotaka. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na watu wakakimbia usiku kuelekea Sake na kuelekea Rwanda, mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao. Wakaaji waliwaokota njiani watoto wasiowajua, wakawapa maji, wakawauliza majina. Kwa kazi ya Msalaba Mwekundu, ya UNICEF na ya watu wa kawaida, wengi wao walirudi nyumbani. Usiku ule hakuna aliyeuliza kama mtoto ni wa kartiye au wa mbali. Kila mtu aliona kwamba mtoto aliye peke yake usiku ni mtoto aliye katika hatari.

Yule anayekimbia na simu ya mama wa nyanya naye ni mtoto aliye peke yake usiku. Amekosa, na lazima ajibu. Kelele za "Mwizi!" zitasikika tena, labda leo jioni. Atakayekuwa karibu atakuwa na dakika chache tu. Asimame kati ya kijana na mawe, amwite chifu na polisi, na amuulize mambo matatu kwa sauti ambayo wote watasikia: unaitwa nani, una miaka mingapi, na simu hii ulikuwa unampelekea nani. Kisha avenyu nzima iende, bila petroli, ikamngojee pamoja na polisi huyo wa tatu.